Ile Mistari ya Juu na Chini ya Ripoti Zetu

Ndugu wanakamati wa parokia, na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali, katika toleo hili tunapenda kueleza jambo dogo la ofisini ambalo limekuwa likizusha maswali makubwa kuliko ukubwa wake.

Ripoti nyingi siku hizi hazipigwi chapa kwenye taipu wala haziandikwi kwa mkono. Zinatoka kwenye mtandao. Mweka hazina anafungua mfumo wa hesabu ndani ya kivinjari, muuguzi anafungua takwimu za zahanati, katibu wa kamati ya elimu anafungua matokeo ya mitihani ya NECTA, kisha kila mmoja anabonyeza kitufe cha kuchapa. Karatasi inayotoka ina maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaandika. Juu kushoto kuna tarehe na saa. Pembeni yake kuna jina la ukurasa, mara nyingi kwa Kiingereza. Chini kushoto kuna mfululizo mrefu wa herufi na alama unaoanza na "https", na kona ya kulia kuna namba kama 1/3.

Wanakamati hutuuliza: je, tufute kwa wino mweupe? Tukate kwa mkasi? Na wafadhili nao huuliza ile tarehe ya juu ni ya nini, mbona haifanani na tarehe iliyo chini ya sahihi. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo linaanzia kwenye kujua nani aliyeiandika mistari hiyo.

Aliyeiandika ni kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao: Chrome, Edge, Firefox, Safari. Mfumo wa hesabu hauhusiki, printa haihusiki, na karani wa steshenari hahusiki. Kila kivinjari, tangu zamani, kimepangwa kuweka utambulisho wake juu na chini ya kila karatasi. Wafasiri wa programu kwa Kiswahili huita vitu hivi kijajuu na kijachini. Vilibuniwa kwa nia njema. Mtu akichapa makala ya mtandaoni aisome nyumbani, baada ya mwaka mmoja bado ataweza kujua ameitoa wapi na lini. Kwa makala ni msaada. Kwa ripoti inayopigwa mhuri wa parokia na kutumwa Ujerumani au Uholanzi ni habari nyingine.

Tuanze na tarehe, kwa sababu hiyo ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Kompyuta nyingi tunazopewa au kununua zimekuja zikiwa zimewekwa kwa Kiingereza cha Marekani, na Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku. Kamati ikichapa ripoti ya robo ya kwanza tarehe 7 Aprili 2025, wiki moja tu baada ya robo kwisha, kivinjari kitaandika 4/7/25. Mtu wa Rubya atasoma 4 Julai. Mjerumani naye atasoma 4 Julai. Kamati iliyowahi kazi yake inaonekana imechelewa miezi mitatu, na maelezo yanaanza kutafutwa mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote.

Zaidi ya hapo, tarehe ile haisemi ripoti iliandaliwa lini. Inasema karatasi ilichapwa lini. Mkaguzi wa hesabu akiomba nakala nyingine mwezi Oktoba, takwimu zilezile za Machi zitatoka zikiwa na tarehe ya Oktoba juu yake. Ukiziweka nakala mbili pamoja zinaonekana kama ripoti mbili tofauti. Tarehe inayofaa ni ile ambayo kamati yenyewe imeiandika ndani ya ripoti, kwa maneno kamili: 7 Aprili 2025. Hiyo haina tafsiri mbili.

Namba za kurasa ni tatizo dogo zaidi, lakini lipo. Ripoti ya parokia kwa kawaida ni mkusanyiko: mapato kutoka ukurasa mmoja wa mtandao, matumizi kutoka mwingine, orodha ya wanafunzi kutoka wa tatu. Kila ukurasa wa mtandao huanza kuhesabu upya. Ukishabana pini unapata karatasi tatu zilizoandikwa 1/3, 1/2 na 1/4, na msomaji anabaki akijiuliza nyingine ziko wapi.

Halafu kuna "about:blank". Mfadhili mmoja alidhani ni jina la kampuni. Maneno hayo hutokea pale mfumo unapofungua dirisha jipya tupu kwa ajili ya kuchapia, na kivinjari, kwa kuwa dirisha hilo halina anwani, kinaandika hivyo chini ya karatasi. Na mtu akihifadhi ukurasa kwenye kompyuta yake kabla ya kuuchapa, chini patatokea "file:///C:/Users/" ikifuatiwa na jina la mwenye kompyuta na folda zake. Tumeona risiti za mradi wa maji zenye jina la mtoto wa shule aliyeazimisha kompyuta.

Sasa tuje kwenye anwani

Hapa ndipo tunapoomba wanakamati watulie kidogo, kwa kuwa jambo hili si la urembo wa karatasi.

Anwani ya ukurasa wa mtandao hubeba habari. Mifumo mingi, hasa ile iliyotengenezwa kwa haraka, huweka ndani ya anwani namba ya mtu anayetafutwa, wakati mwingine hata jina lake na jina la kitengo anachohudumiwa. Tuchukue mfano. Kamati inatoa orodha ya watoto kumi wanaolipiwa ada. Kwa busara, majina yamefupishwa kuwa herufi za mwanzo tu. Lakini orodha imechapwa kutoka kwenye mfumo ambao anwani yake ina herufi "ctc", ikifuatiwa na namba ya faili. Hakuna mtu mzima wa Kagera asiyejua CTC ni kliniki gani. Orodha ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, au ikipita mikononi mwa watu sita kabla ya kufika ofisini, ule mstari mdogo wa chini umekwisha kusema kile ambacho orodha yenyewe ilikuwa imekificha.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Miaka imepita, dawa zimekuja, watu wanaishi na kulea wajukuu. Lakini wazee wa vijiji vyetu wanakumbuka jinsi familia zilivyonyooshewa vidole, na mtoto anayenyooshewa kidole shuleni leo hasaidiwi na kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Kwa mtazamo wetu hili peke yake latosha kufanya kila katibu ajifunze kuondoa kijachini.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Inamgusa kila anayekusanya na kutunza habari za watu, na inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Wanakamati wetu wanaoshika madaftari ya watoto yatima na wagonjwa wamo humo. Wafadhili wa Ulaya nao wana sheria yao, inayotumika tangu Mei 2018, ndiyo maana baadhi yao wamekuwa wakali kuhusu orodha tunazowapelekea.

Tuseme pia kwamba kufuta mstari wa chini hakutibu ugonjwa wote. Mfumo unaoweka jina la mgonjwa ndani ya anwani una kasoro, na aliyeutengeneza anapaswa kuambiwa. Anwani hiyohiyo hubaki kwenye kumbukumbu za kivinjari, na mtu atakayekaa kwenye kiti hicho baadaye anaweza kuiona.

Namna ya kuiondoa

Kwa wanaotumia Chrome au Edge, na hao ndio wengi, kazi ni ya nusu dakika. Fungua ripoti, bonyeza vitufe vya Ctrl na P kwa pamoja. Dirisha la kuchapa litafunguka likiwa na picha ya karatasi itakavyokuwa. Tafuta maneno "More settings" uyabonyeze, orodha itarefuka. Shuka hadi kwenye "Headers and footers" na uondoe alama ya vema kwenye kisanduku chake. Tazama picha ya karatasi: mistari itatoweka papo hapo. Kama haikutoweka, basi mistari hiyo imeandikwa na mfumo wenyewe na si kivinjari, na hapo hakuna cha kufanya isipokuwa kuongea na mtengenezaji.

Chrome hukumbuka ulichochagua mara ya mwisho, kwa hiyo safari ijayo utaikuta hivyo. Lakini inakumbuka kwenye kompyuta hiyo tu. Ukienda kwa jirani, anza upya.

Firefox inafanana: Ctrl na P, kisha "More settings", kisha "Print headers and footers". Tofauti yake ni kwamba Firefox huhifadhi mpangilio kwa kila printa peke yake. Ofisi ikinunua printa mpya, mistari hurudi, na watu hudhani kompyuta imeharibika. Wenye kompyuta za Apple wataona maneno hayohayo kwenye dirisha la kuchapa la Safari.

Wapo bado wenye kompyuta za zamani zenye Internet Explorer. Programu hiyo Microsoft iliacha kuihudumia kwenye Windows 10 tarehe 15 Juni 2022, na hatushauri mtu aitumie kufungulia hesabu za parokia. Kwa aliyenayo tu, njia ilikuwa kupitia "File", kisha "Page Setup", ambako palikuwa na visanduku viwili vyenye alama za ajabu kama &w, &u na &d. Hizo zilikuwa amri: &w jina la ukurasa, &u anwani, &d tarehe. Mtu alizifuta, visanduku vikabaki vitupu, kazi ikaisha. Katibu mmoja wa kigango alizifuta mwaka 2006 kwa kukisia tu, na tangu hapo anaheshimika kama fundi.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana huipenda: kuweka nafasi za pembeni mwa karatasi kuwa sifuri, kwa kuchagua "None" kwenye "Margins". Mistari huondoka kwa kukosa mahali pa kukaa. Hatuipendekezi. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa mwa karatasi, kwa hiyo safu ya mwisho ya jedwali hukatwa, na safu ya mwisho ndiyo mara nyingi yenye jumla. Na hata ikichapika, ukitoboa karatasi uiweke kwenye faili, tundu linapita katikati ya tarakimu.

Wakati wa kuiacha

Baada ya kusema hayo yote, tunawaomba msiiondoe kila mahali.

Pale mnapochapa ukurasa wa mtu mwingine kama ushahidi, mistari ile ni sehemu ya ushahidi. Matokeo ya kidato cha nne kutoka tovuti ya NECTA, yanayotumika kuamua nani aendelee kupata ufadhili, yanapaswa kubaki na anwani na tarehe yake, ili mfadhili akitaka aweze kwenda mwenyewe kutazama. Kurasa hizo za kidato cha nne huonyesha namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja na alama za masomo bila jina, hivyo anwani haimfichui mtu. Vivyo hivyo bei ya mabati mliyoipata kwenye tovuti ya kiwanda, au tangazo la zabuni, au kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo kutoka Benki Kuu. Karatasi ya kiwango cha fedha isiyo na tarehe haimsaidii mkaguzi hata kidogo.

Kwa hiyo jiulizeni karatasi hii ni sauti ya nani. Ikiwa ni yetu, sisi ndio wa kuamua nini kikae juu na nini kikae chini. Wamisionari wa Afrika, waliofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892 na baadaye kufika hapa Rubya, walikuwa na amri ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba kila misheni iwe na shajara. Aliyeshika kalamu aliandika tarehe yeye mwenyewe, na watafiti wanaozisoma shajara hizo leo hawana haja ya kuuliza tarehe hiyo ilimaanisha nini. Madaftari ya MTUHA kwenye zahanati zetu nayo yana vichwa vilivyokubaliwa na Wizara, kila safu ikijulikana ni ya nini. Kijajuu cha kivinjari hakikukubaliwa na mtu yeyote.

Kwa wanaotengeneza mifumo

Baadhi ya parokia zina vijana waliosoma kompyuta na kutengeneza mifumo midogo ya michango na sadaka. Maneno haya machache ni yao. Ukurasa wa mtandao hauna amri ya moja kwa moja ya kumwondolea mtumiaji ile alama ya vema. Huo ni uamuzi wa mwenye kivinjari, na tunaona ni sawa. Mnachoweza ni kupunguza madhara. Jina la ukurasa, lile linaloandikwa ndani ya "title", liwe jina la ripoti kwa Kiswahili, pamoja na robo na mwaka. Kivinjari hulitumia jina hilohilo kuliita faili la PDF, hivyo mtaepuka mafaili kumi yote yanaitwa "Untitled". Tumieni "@media print", iliyomo kwenye kanuni za CSS tangu toleo la pili la mwaka 1998, kuficha menyu na vitufe visichapwe. Wekeni tarehe ya ripoti na jina la kigango ndani ya ripoti yenyewe. Na kwa ripoti za watu, mfumo utoe PDF iliyokamilika badala ya kutegemea kivinjari. Takwimu za afya za nchi nzima hupita kwenye DHIS2, mfumo unaofunguliwa ndani ya kivinjari na ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa Tanzania nzima. Hata huko ni afadhali kupakua jedwali au PDF kuliko kuchapa dirisha.

Kwa wasio na printa

Vigango vingi havina printa, na ripoti huenda kuchapwa steshenari Muleba au Bukoba mjini. Tunashauri sana msifungue mfumo wa parokia kwenye kompyuta ya steshenari. Kivinjari cha pale kitauliza kama kihifadhi nywila, mtu aliye na haraka atabonyeza ndiyo, na kuanzia siku hiyo hesabu zenu ziko wazi kwa kila mteja.

Badala yake, tengenezeni PDF huko huko mliko. Kwenye dirisha lile la kuchapa, mahali pa kuchagua printa, chagueni "Save as PDF". Ondoeni alama ya vema kwanza, ndipo mhifadhi, kwa sababu mistari ikishaingia kwenye PDF haitoki kirahisi, na karani wa steshenari hawezi kuwasaidia. Hakikisheni karatasi iliyochaguliwa ni A4 na si "Letter" ya Wamarekani, ambayo ni fupi kwa milimita 18 na pana kidogo. Jedwali lililopangwa kwa Letter likichapwa kwenye A4 husinyaa au hukatwa ubavuni. Chapeni nakala moja, muitazame yote, ndipo mwombe nyingine. Kisha andikeni namba za kurasa kwa kalamu, "1 kati ya 9" hadi mwisho, kabla ya mwenyekiti na mweka hazina kutia sahihi.

PDF ibebwe kwenye flashi. Karani akiinakili kwenye kompyuta yake ili aichape, mwombeni aifute mkiwa bado mmesimama pale, na aifute pia kwenye kile kikapu cha taka cha kompyuta.